Mizani ya Sista Felista

Mizani ile haikuwa ya kitengo chake. Ilikuwa mali ya kliniki ya watoto, ile ya kuning'iniza, yenye uso wa saa na ndoano, pamoja na kikaptula cha kitambaa cha bluu anachovalishwa mtoto anapopimwa uzito. Sista Felista aliiazima mwaka 1998 kwa siku moja tu, akakaa nayo miaka sita. Wenyewe walishaletewa nyingine, wakaacha kuiulizia.

Sasa muuguzi wa magonjwa ya akili na mizani ya watoto, wapi na wapi? Waulizwe watu wa mji huu. Mtwara ukiumwa malaria utaletewa uji, ukivunjika mguu utabebwa mpaka nyumbani. Lakini akili ikitetereka kidogo tu, hata kama ni ya mtoto wa miaka kumi na minne aliyepotewa na usingizi, basi umeshapewa jina, na jina hilo hulivui tena. Utaitwa chizi ukiwa mgonjwa, utaitwa chizi ukiwa umepona, una mke na wajukuu. Felista aliyajua hayo kwa sababu na yeye alikwisha kupewa la kwake. Wauguzi wenzake walimwita Sista wa Vichaa, tena mbele ya uso wake, huku wakimmiminia chai.

Alizaliwa Mbinga, kwenye kahawa na baridi, akasomea uuguzi, kisha akaongeza masomo ya magonjwa ya akili Dodoma kwa kuwa nafasi ilikuwepo na hakuna mwingine aliyeitaka. Mwaka 1991 alimfuata mumewe Mathayo, karani wa bandari, akapangiwa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya mjini. Huko alikuwa mtu kama watu. Mwaka 1995 wakubwa wakaamua kufungua kitengo cha afya ya akili, wakapekua mafaili, wakaliona jina lake. Chumba alichopewa kilikuwa nyuma ya dobi, stoo ya zamani ya magongo mabovu. Vyumba vyote vilikuwa na vibao vya rangi, Meno, Macho, Maabara, hata choo kilikuwa na kibao. Mlango wake ulikuwa mbao tupu. Kila alipoomba kibao aliambiwa fundi rangi yuko safari. Fundi rangi huyo alikuwa safarini miaka tisa.

Kibao hicho kilimuuma Felista kuliko wengi walivyojua. Mathayo alimwambia aandike barua arudi wodi ya wazazi, yaishe, maana hata kazini kwake watu walianza kumuuliza kama mkewe hamuambukizi. Hakuandika. Alikuwa mkaidi, na watoto wa kitengo kile walifaidi ukaidi wake kwa miaka mingi kabla haujawageukia.

Kundi la Alhamisi lilianza na watoto wanne. Daktari alikuwa akiwapa vidonge na tarehe ya kurudi, basi, kwaheri. Felista aliwaona wakiondoka mmojammoja, kila mmoja akijiona yeye ndiye wa kwanza duniani kuumwa hivyo, akasema hapana, hawa wakae pamoja. Akawapanga kwenye duara, akawaambia waseme yaliyo moyoni. Wakatazama sakafu saa nzima. Alhamisi ya pili, sakafu tena. Alhamisi ya tatu dobi walimletea mzigo wa mashuka chakavu ya kuchanwa bandeji za wodini, na kwa kuwa hakuwa na msaidizi akawagawia watoto mikasi. Mganga mkuu aliposikia alikuja mbio mpaka nyuma ya dobi, mtu mzima na kitambi chake. Vichaa na mikasi! Hakuna aliyejikata. Mmoja alikuwa anakata, mwingine anakunja, na katikati ya kukata na kukunja binti mmoja wa Chuno, ambaye hakuwa amesema neno tangu Ramadhani, akauliza kama na wengine huwa wanasikia moyo ukidunda masikioni. Wawili wakasema ndiyo.

Tangu hapo, Alhamisi ikawa siku ya bandeji. Nyumbani majirani waliambiwa watoto wanakwenda kujifunza huduma ya kwanza, na haukuwa uongo, maana walirudi wanajua kufunga kidonda. Kufika mwaka 2002 walikuwa kumi na mmoja, Waislamu na Wakristo, watoto wa wavuvi na watoto wa maofisa.

Kazi ilikuwa kwa wanaokosa kuja. Hao ilibidi wafuatwe, na kumfuata mtoto wa kliniki ile nyumbani kwao ni kumtangaza. Ndipo mizani ilipoingia. Felista alifika mtaani kwa miguu, mwavuli mkononi, mizani begani, akaitundika kwenye boriti ya baraza yoyote, akaita kinamama. Akapima vichanga vya mtaa mzima, akaandika kwenye kadi zao, akawagombeza wanaowaachisha watoto ziwa mapema. Akimaliza, anasema jua kali, naomba maji ya kunywa, anaingia nyumba moja. Nyumba hiyo ndiyo aliyoijia. Anakaa uani na kijana wake, wanaongea nusu saa, anatoka. Miaka sita hakuna jirani aliyeshtuka. Hata wale wenzake waliomcheka walikuwa hawajui kwamba nusu ya vichanga vya Magomeni na Mikindani vilipimwa na Sista wa Vichaa.

Kwa miguu, lakini, ni kwa miguu. Mei ya 2002 kijana mmoja wa kundi, Innocent, mtoto wa mwalimu aliyehamia kutoka Bukoba, alikosa Alhamisi mbili. Felista alipanga kumfuata Jumatatu, mvua ikanyesha, barabara ya kwao ikawa dimbwi. Jumanne kulikuwa na semina. Alifika Alhamisi asubuhi na mizani yake begani, akakuta maturubai na viti vya kuazima. Innocent alikuwa amejiua Jumanne, wamemzika jana. Mama yake alimtazama Felista, akaitazama mizani, akasema, "Sista, hapa hatuna mtoto wa kupima." Hakulisema kwa ubaya. Alidhani amekuja kupima watoto kweli.

Felista alirudi akaandika barua ya kuomba gari. Aliandika tena mwezi uliofuata, na uliofuata, miaka miwili. Kila barua ilisema jambo lilelile: mtoto akikosa mara mbili, nifike siku hiyohiyo.

Mwisho wa mwaka huohuo wa 2002, Salma, mke wa mchuuzi wa samaki wa Mikindani aitwaye Ayubu, alimleta binti yake Hafsa akiwa amemfunika kanga mpaka puani. Hafsa alikuwa na miaka kumi na minne. Miezi michache nyuma alikwenda kisimani na mdogo wake wa miaka mitatu, akageuka kumtwisha ndoo mwenzake waliyekutana pale, alipogeuka tena mtoto hayupo, wakamtoa kisimani amekufa. Tangu siku ile alikuwa ananawa mikono. Ananawa asubuhi mpaka jioni, kwa sabuni ya mche, mpaka ngozi ikabanduka na maji ya beseni yakawa mekundu. Watoto wadogo akiwaona anavuka njia. Alikwisha kupelekwa kwa waganga wawili na shehe mmoja, na kila mmoja alimwongezea kitu cha kujipaka juu ya vidonda.

Kwenye duara alikaa miezi minne akikata bandeji bila kusema. Siku aliyosema, alisema moja tu: "Mkono wake nilikuwa nimeushika. Mimi ndiye niliyeuachia." Hakuna aliyemwambia usijilaumu. Felista alikuwa amewafundisha wasiseme maneno ya msibani. Binti wa Chuno aliuchukua mkono wake, ule wenye vidonda, akaufunga bandeji taratibu, wakaendelea na kazi.

Kilichomwinua hasa ilikuwa mizani. Siku moja ya 2003 Felista alikuwa anapima vichanga kwenye baraza ya jirani wa kina Salma, foleni ndefu, akamwita Hafsa amsaidie kama vile ni jambo dogo. "Njoo mwanangu, mvalishe huyu kikaptula, mimi nisome mshale." Hafsa aliifuta mikono kwenye kanga. Halafu akakipokea kile kichanga. Alikishika kwa ncha za vidole, kichanga kikalia, mama yake mtoto akacheka akasema, "Shika vizuri, havunjiki huyo." Akashika vizuri. Siku ile Felista alirudi mjini akalia ndani ya gari la abiria, mpaka konda akamuuliza kama kafiwa.

Kuanzia hapo, kila Felista alipofika Mikindani, Hafsa ndiye aliyewavalisha. Kinamama wakamwona mkono wake mwepesi kwa watoto. Wakaanza kumwachia wanapokwenda sokoni, mmoja, wawili, watano. Katikati ya mwaka 2004 Ayubu akamjengea banda la makuti ubavuni mwa nyumba, likawa chekechea. Watoto kumi na tisa. Aliwafundisha silabi kwa mkaa kwenye kipande cha mbao, ba be bi bo bu, na mlangoni aliweka beseni la maji, kila anayeingia ananawa mara moja tu. Mara moja. Yeye pia. Binti wa miaka kumi na sita ambaye mtaa ulimkabidhi watoto wake, nani angeamini? Hakuwa na ndoto nyingine yoyote zaidi ya hiyo, na alikuwa ameshaifikia.

Mwezi wa nane gari likaja. Jeupe, jipya, zawadi ya wafadhili wazungu. Kabla halijapelekwa kupakwa maandishi, karani wa hospitali alimletea Felista fomu: milangoni paandikwe nini? Alimuuliza yeye, mwenye kitengo. Na hapa lazima isemwe wazi, maana wapo wanaopenda kuwatwisha wazungu kila kitu: maneno yale aliyaandika Felista kwa mkono wake. Aliyaandika kwa herufi kubwa, taratibu, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni. Miaka tisa amenyimwa kibao cha mlangoni. HUDUMA YA AFYA YA AKILI KWA VIJANA. Gari liliporudi, herufi zilikuwa za bluu, ndefu kama mkono wa mtu mzima, kulia, kushoto na nyuma. Felista alilizunguka mara mbili. Wauguzi walitoka nje kulitazama na hakuna aliyecheka. Moyo ulimjaa, na nani wa kumlaumu?

Wiki hiyohiyo Hafsa akakosa Alhamisi. Iliyofuata akakosa tena. Simu hakuna kwao, ujumbe hakuna. Felista hakulala, alimwona Innocent, aliyaona maturubai. Asubuhi ya Ijumaa alimkuta dereva, Andrea, anafuta vioo. Akamwambia, "Washa, baba, twende Mikindani, upesi." Mizani ilikuwa nyuma ya mlango wa ofisi. Hakuichukua. Ya nini, na gari lipo?

Walifika saa nne. Uchochoro ulikuwa mwembamba, mbuzi wamelala njiani, Andrea akapiga honi ndefu. Watu wakatoka majumbani. Watoto wa chekechea wakatoka bandani wote kumi na tisa, wakalizunguka gari wakigusa matairi. Akawepo mmoja, Somoe, wa miaka sita, fundi wa silabi, ambaye Hafsa alikuwa anamsifu kila siku. Alisimama mbele ya mlango wa gari, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akasoma kwa sauti, vilevile alivyofundishwa. Hu. Du. Ma. Ya. A. Fya. Alivuta pumzi, akaendelea. Ya. A. Ki. Li. Kinamama walikuwa wamesimama vibarazani wakisikiliza. Alipomaliza alimgeukia mwalimu wake ampigie makofi.

Hafsa alikuwa mlangoni mwa banda, mkaa mkononi, kanga safi, mzima wa afya. Na Felista, kwa ile furaha ya kumwona yu hai, akasahau yote aliyoyalinda miaka sita. Aliruka garini akamkumbatia, akasema mbele za watu wote, "Hafsa mwanangu, wiki mbili hujaonekana kliniki, umenitisha. Dawa unakunywa?"

Mama mmoja alimvuta mwanawe mkono, taratibu, akaingia naye ndani. Mwingine akafuata. Felista alisikia milango ikifungwa, moja hapa, moja kule, ndipo akageuka kulitazama gari. Alilisoma kama walivyolisoma wao.

Kesho yake wasingekuja, ilikuwa Jumamosi. Jumatatu walikuja tisa. Jumatano wanne. Mama Somoe, mzazi ambaye hata arobaini hajatimiza, alikwenda kwa Salma kwa heshima zote, akakaa mkekani, akanywa na chai. "Sisi na Hafsa hatuna neno. Mtoto wa watu, ana adabu. Ila hawa ni wadogo, dada yangu, na mtu mgonjwa wa kichwa hajui afanyalo." Akaweka kikombe chini, akaongeza lile alilolijia. "Na yule marehemu mdogo wake, pale kisimani. Walikuwa wawili tu na yule mwenzake, na mwenzake anasema hakuona." Miaka miwili mtaa ule ulikuwa umemlilia yule mtoto kama ajali. Ilitosha honi moja na mlango wa gari, ajali ikageuka kitu kingine. Watu hawana haya. Ijumaa banda lilikuwa tupu, na Ayubu akalifunga kwa kamba.

Hospitalini safari ile iliandikwa kwenye daftari la gari: Mikindani, mgonjwa mmoja, amepatikana. Wafadhili walilisoma wakapongeza. Felista alikwenda kwa karani akaomba maneno yafutwe. Karani akamshangaa. "Si uliyaandika mwenyewe, Sista?" Haikuwezekana, gari ni mali ya mradi, nembo haziguswi. Lakini kwa kuwa kitengo sasa kilikuwa na jina, fundi rangi akarudi kutoka safarini. Wiki ya pili akamwekea kibao mlangoni.

Alisubiri wiki tatu. Halafu akachukua mizani, mwavuli, akapanda gari la abiria, akashukia barabarani Mikindani akaingia mtaani kwa miguu kama zamani. Aliitundika kwenye boriti ileile ya baraza ileile. Akaita kinamama. Aliwaona madirishani, wanawake ambao watoto wao aliwapima tangu wana kilo tatu, ambao aliwagombeza na kuwatania. Hakuna aliyetoka. Walikuwa wamepiga hesabu, wanajua sasa mizani ilikuwa ya nini na yale maji ya kunywa yalikuwa ya nini, na kila mmoja alikuwa anakumbuka nyumba ambazo Sista aliwahi kuingia kunywa maji. Kikaptula cha bluu kilining'inia pale mpaka adhana ya adhuhuri, kitupu.

Hafsa ndiye aliyetoka. Alikuwa amekonda. Mikono ilikuwa imelowa, na vidole vilikuwa vyeupe, ngozi imebanduka kwenye viungo. Felista aliitazama.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu."

Hafsa aliishusha mizani kutoka kwenye boriti, akakikunja kikaptula vizuri kwa nne, akatia vyote kwenye mfuko. Alifanya kwa uangalifu, kama alivyofundishwa.

"Zile Alhamisi mbili," akasema, "Mama Somoe alikuwa amejifungua. Kinamama wakaniomba nisifunge chekechea siku yoyote, watoto wawe kwangu. Nikasema nitakuja mwenyewe mwezi ukiisha nikwambie, nikuletee na maandazi. Nilikuwa nimepona, Sista. Ndiyo sababu sikuja."

"Niliogopa," Felista akasema. "Kulikuwa na mwenzenu..."

"Najua. Ulitusimulia." Akampa mfuko. "Siku ile ungekuja kwa miguu ungenikuta nafundisha, ungepima watoto, ungeomba maji. Ningekueleza uani, tungecheka."

Felista alisema amemkosea. Alisema waziwazi, bila kujitetea, akasema Alhamisi wenzake wanamngoja, kwenye kundi kiti chake kipo. Hakumwambia kwamba kati ya kumi na mmoja walikuwa wamebaki wanne, na wanne hao siku hizi wanapitia mlango wa dobi ili wasipite chini ya kibao.

Hafsa alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Usije tena, Sista. Hata kwa miguu."

Felista alirudi mjini na gari la saa nane. Kesho yake asubuhi aliipeleka mizani kliniki ya watoto, akaiweka mezani, akaomba radhi kwa kukaa nayo muda mrefu. Muuguzi wa zamu alifungua daftari, akatafuta mwaka hadi mwaka, akasema haioni popote. Akaichukua akaitia kabatini.